Kwa Nini Twawadhania Wenzetu Mabaya?

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Methali hii nimeiandikia insha tangu shule ya msingi, na alama nilipata. Maana yake hasa niliijua muhula wa pili mwaka huu, na wala si kwenye insha.

Mwenzangu ninayeketi naye dawati moja (nitamwita Baraka, ingawa hilo si jina lake) aliomba kitabu changu cha Kemia siku ya Ijumaa. Aliahidi kukirudisha Jumatatu, maana Jumatano tulikuwa na mtihani. Jumatatu hakukileta. Jumanne nikamwuliza, "Bwana, kitabu changu kiko wapi?" Akatazama chini, akasema, "Nitakileta tu."

Hapo nikaona nimeshajua yote. Muhula uliotangulia mimi nilikuwa wa nne, yeye wa tano. Basi ni wazi, amekificha ili nianguke! Wakati wa chakula cha mchana nikawaambia wenzangu. Kufikia saa tisa darasa karibu zima lilikuwa likimwita mwizi. Jumatano Baraka hakuja shuleni, na mtihani ukampita.

Alhamisi mwalimu wa darasa akaniita. Kumbe mwenye nyumba alikuwa ametia kufuli mlango wa kina Baraka tangu Jumamosi kwa sababu ya kodi! Vitabu, nguo, hata sufuria, vyote vilikuwa ndani. Familia ilikuwa ikilala kwa jirani, naye Baraka aliona haya kusema. Kitabu changu kilikuwa salama, ila kilikuwa nyuma ya kufuli.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa ushauri nasaha jinsi nilivyojichukia, alinifahamisha kwamba wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka wa 1944 huko Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara vikizunguka huku na huku. Karibu watazamaji wote walisimulia kana kwamba wameona watu. Wengi walisema ile pembetatu kubwa ni mkorofi, inawaonea wenzake. Ebu fikiria, michoro ya hesabu! Ikiwa twaweza kuipa pembetatu roho mbaya, sembuse mwanafunzi mwenzetu?

Sababu ni kwamba tendo twaliona kwa macho, lakini nia haionekani. Pengo hilo twalijaza kwa kukisia. Tena hatukisii kwa haki. Mwaka wa 1977 Lee Ross, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kwamba tunapoeleza matendo ya wengine twaelekea kuilaumu tabia yao na kusahau hali iliyowabana. Aliliita hilo kosa la msingi. Mimi mwenyewe muhula wa kwanza nilichelewesha kitabu cha maktaba wiki mbili. Je, nilijiita mwizi? Asilani! Nilisema stima zilipotea nyumbani, sikumaliza kusoma. Mimi nilikuwa na sababu. Baraka, kwa maoni yangu, alikuwa na roho mbaya tu.

Uchunguzi mwingine ulinigusa zaidi. Mwaka wa 1980 Kenneth Dodge aliwachunguza wavulana wa shule ya msingi huko Marekani. Kila mmoja alikuwa akiunganisha vipande vya picha, kisha kazi yake ikaharibiwa na mtoto mwingine asiyemwona. Pale ambapo haikujulikana kama ni bahati mbaya au ni makusudi, wavulana wenye sifa ya ugomvi walichukulia kwamba ni makusudi. Wale wapole walichukulia kwamba ni bahati mbaya. Hapo ndipo hatari ilipo. Anayedhani ameonewa hulipiza, aliyelipiziwa hukasirika kwa haki, na yule wa kwanza hujigamba, "Si niliwaambia ni adui?" Uadui ambao haukuwako sasa upo.

Sisemi kwamba hakuna watu wabaya. Wapo wanaotuibia na kutusengenya makusudi, na hao washtakiwe. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, tufanye mambo matatu. Kwanza, tutenganishe tuliloliona na tulilolikisia. Mimi niliona kitabu hakijaletwa, basi. Hayo ya kuficha niliyaongeza mwenyewe. Pili, tutafute angalau sababu nyingine moja inayoweza kueleza tendo hilo. Tatu, tumwulize mhusika, na tumwulize faraghani. Kuuliza si ujinga. Lile swali langu la Jumanne niliuliza mbele ya watu, kwa sauti ya askari. Nani angejibu, "Tumefungiwa nyumba"?

Baraka aliporudi nilimwomba msamaha mbele ya darasa, kwa kuwa nilimchafulia jina mbele ya darasa. Alicheka kidogo akasema, "Yameisha." Hata hivyo, wengine waliendelea kumwita mwizi kwa mzaha hadi muhula ukafungwa, na mimi sikuweza kuwazuia. Neno hilo nililitoa mimi, lakini kulirudisha halikuwa tena mikononi mwangu.

Tungali twaketi dawati moja. Ila tangu siku ile hajaniomba kitabu tena.