Fahamu: Msimu wa korosho na ajali za Nachingwea na Ruangwa
Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida Oktoba, malori huongezeka Nachingwea na Ruangwa, mengi yakielekea Mtwara bandarini. Bodaboda nazo hupata abiria wenye fedha mkononi. Kwenye barabara ya changarawe lori huacha wingu la vumbi, na anayetaka kulipita haoni kinachokuja mbele. Lami huondoa vumbi, ila huleta mwendo kasi: Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda asilimia 4. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi. Na helmeti? Ya dereva wa bodaboda mara nyingi imening'inizwa kwenye usukani. Abiria hana kabisa.