Kiswahili kina maneno ya kuonjea divai, tuyatumie

MAJUZI nilialikwa katika hoteli moja jijini Kisumu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi husimamia wahudumu wa meza. Siku hiyo walikuwa wakifunzwa kuonja divai nyekundu ya bei ghali kutoka shamba dogo la mizabibu nchini Afrika Kusini. Mkufunzi aliwagawia karatasi yenye maneno ya Kiingereza. Kila mmoja alitakiwa kutazama rangi, kuzungusha glasi, kunusa, kuonja, kutema, kisha kueleza.

Binti mmoja alionja, akaitazama ile karatasi, akanyamaza. Mkufunzi akamwambia hana ulimi wa divai. Niliomba ruhusa, nikamuuliza: “Umesikia ladha gani mdomoni, mwanangu?”

“Mwalimu, hii ni kama jamna,” akajibu. “Kwanza iko tamu kidogo, halafu ulimi unakauka, unakuwa kama umepakwa kitu.”

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu binti alikuwa amesema kweli tupu.

Jamna, kwa wasomaji wa pwani, ni zambarau. Msimu wake ukifika huuzwa kando ya barabara huku kwetu, na mlaji humjua kwa rangi ya ulimi wake. Tunda hilo, kama zabibu nyeusi, lina tanini. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na humo ndimo inamopata rangi yake na sehemu kubwa ya tanini. Tanini zikikutana na protini zilizomo katika mate, mate hupoteza utelezi, na kinywa huhisi kukauka na kukwaruza.

Hali hiyo Kiswahili kinaiita ukakasi. Siku hizi tumelizoea neno hili katika mijadala, tunaposema kauli fulani ina ukakasi. Lakini linahusu kinywa pia: ndizi mbichi ina ukakasi, na majani ya chai yakichemshwa mno huacha ukakasi. Binti yule hakukosa ulimi. Alinyimwa nafasi ya kuutumia.

Tulipokaa kunywa chai, mkufunzi alinitolea hoja ambayo nimeisikia mara nyingi: “Prof, kwa Kiswahili kila kitu ni tamu ama ni kali. Utaendaje mbali na hayo mawili?”

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Neno “kali” limebebeshwa mizigo mingi: pilipili ni kali, kisu ni kikali, jua ni kali, pombe ni kali, hata mwalimu ni mkali. “Tamu” nalo hutumiwa kwa sukari na kwa samaki aliyepikwa vizuri. Lakini tusiishie hapo. Kilicho kichachu si kichungu, na kichungu si chenye ukakasi. Kinachonuka hukera, kinachonukia huvutia. Tofauti hiyo tunaibeba kwa kiambishi kimoja tu. Uji huwa mzito au mwepesi, na divai vilevile. Chumvi ikiingia barabara katika mchuzi tunasema imekolea. Je, kuna neno bora kuliko hilo la kueleza ladha iliyoenea kinywani bila kuzidi?

Chukua pia suala la divai iliyotengenezwa kwa zabibu za aina mbalimbali. Katika mtindo wa Bordeaux, kule Ufaransa, zabibu za Cabernet Sauvignon huleta ukakasi na uimara, nazo Merlot huleta ulaini. Wengi wangeiita divai ya mchanganyiko. Napendekeza divai ya mseto. Vitu vinaweza kuchanganyika kwa bahati mbaya, lakini mseto hupangwa, na kila kimoja hutoa mchango wake. Wakenya walioishi chini ya serikali ya mseto ya mwaka 2008 hawahitaji kamusi hapa.

Lakini tujihadhari na tafsiri sisisi. Divai ambayo hamira imegeuza karibu sukari yake yote kuwa kileo, Waingereza huiita kavu. Mswahili akiambiwa kinywaji ni kikavu atashangaa. Tuseme tu divai isiyo na sukari. Vilevile, tutenganishe divai na mvinyo. Mvinyo, neno lililotokana na vinho la Kireno, hutumiwa na wengi hata kwa vileo vikali. Divai ni ya zabibu.

Isitoshe, kuonja si elimu iliyoletwa na ndege. Wazee wa Kiluo walioketi kuzunguka chungu cha kong’o, kila mmoja na mrija wake wa oseke, walijua pombe iliyoiva na isiyoiva. Huko pwani, tunaambiwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo isingekuwapo kama wanywaji hawakuweza kutambua tembo lililotiwa maji.

Sihimizi mtu kunywa; wapo wasomaji ambao dini au afya haiwaruhusu, nami nawaheshimu. Ninachotetea ni kazi na heshima ya vijana wetu. Zabibu za divai hulimwa Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa kwetu ipo divai ya Leleshwa, kutoka upande wa Naivasha, iliyobeba jina la mleleshwa, kichaka chenye majani yanayonukia. Bidhaa ni zetu, wauzaji ni wetu, na wanunuzi wengi wanazungumza Kiswahili. Mbona basi mhudumu akariri majina ya matunda ya Ulaya ambayo hajawahi kuyaona, na jamna anaijua tangu utotoni? Vyuo vya hoteli viandae orodha ya maneno ya ladha kwa Kiswahili, ikae kando ya ile ya Kiingereza. Mgeni wa London atahudumiwa kwa Kiingereza, na mgeni wa Mwanza atahudumiwa kwa Kiswahili.

Kabla sijaondoka, mkufunzi aliniuliza “ukakasi” huandikwaje. Nikamtajia herufi moja baada ya nyingine, naye akaliandika pembezoni mwa karatasi yake. Kisha akamwita yule binti aonje tena.