Broka anakupa shilingi 4 kwa embe: uza au acha? Mazoezi ya hesabu za biashara kutoka Makueni na Kitui

Msimu wa maembe ukifika, barabara za ndani za Makueni hujaa pikapu na kanta zenye kreti. Broka anaingia shambani, anatazama miti, anataja bei yake kwa embe moja. Bei ya chini. Mwenye shamba anakumbuka pesa alizotoa kwa dawa, samadi na mitego ya nzi wa matunda, anapandwa na hasira, anasema heri yaoze.

Hasira hiyo tunaielewa. Lakini "heri yaoze" ni uamuzi wa biashara, na uamuzi wa biashara una hesabu yake. Hesabu hii ndiyo wanayofundishwa wanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza, ila vitabu vyao hupenda kutumia kampuni isiyo na jina inayouza bidhaa isiyo na jina. Sisi tumechukua embe, maji na ndengu. Iwe unasomea uchumi pale Kwa Vonza au una kibanda Kibwezi, chukua kalamu na simu yako tufanye mazoezi. Bei na kiasi tunachotumia humu ni mifano tu, weka zako.

Zoezi la kwanza: shamba la maembe

Tuseme una miti 40 ya embe aina ya Apple, na kila mti umezaa maembe 200. Jumla ni maembe 8,000. Tangu maua yatoke umeshatumia shilingi 36,000 kwa dawa, mitego, samadi na vibarua wa kupalilia. Kuchuma na kubeba hadi barabarani kutakugharimu shilingi 1.50 kwa kila embe, na gharama hiyo ni juu yako. Broka anasema shilingi 4. Utauza?

Wengi hupiga hesabu hivi: 36,000 nilizotumia, ongeza 12,000 za kuchuma, jumla 48,000. Gawanya kwa maembe 8,000, kila embe limenigharimu shilingi 6. Huyu ananipa 4. Ananiibia. Siuzi.

Hesabu yenyewe ni sahihi kabisa, sema inajibu swali lingine. Zile 36,000 zimeshatoka. Ukiuza zimetoka, ukikataa zimetoka. Hata kama sehemu yake ilikuwa mkopo wa simu uliochukua mwezi wa kumi kununua dawa, mkopo hauulizi kama ulichuma au hukuchuma. Siku yake ikifika utalipwa tu. Kwa hiyo mbele ya broka swali ni moja: kuanzia leo, nikichuma nitaingiza kiasi gani, na nitatoa kiasi gani?

Utaingiza 32,000. Utatoa 12,000. Unabaki na 20,000 mkononi. Ndiyo, msimu mzima umepata hasara ya 16,000. Ila ukiacha yaoze, hasara yako ni 36,000 nzima. Uza, kisha uendelee kukasirika ukiwa na 20,000 mfukoni.

Sasa broka mwingine aje na shilingi 1. Unaingiza 8,000, unatoa 12,000 kwa kuchuma. Hapo kuchuma kunakuongezea hasara ya 4,000, basi yaache. Ukitazama vizuri utaona mpaka wenyewe uko wapi: ni ile shilingi 1.50 ya kuchuma na kubeba. Bei ikiwa juu yake, uza. Ikiwa chini, acha.

Mkulima wa Makueni atatusahihisha hapa, na atakuwa na haki. Embe lililoachwa shambani si bure. Likianguka na kuoza, nzi wa matunda wanazaliana humo na msimu ujao unaanza na adui wengi zaidi. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kuyaokota na kuyazika. Tuseme kazi hiyo ni shilingi 4,000 kwa shamba lako. Rudi kwa yule wa shilingi 1: ukichuma unapoteza 4,000, ukiacha unapoteza 4,000 za kuzika. Sawa kwa sawa. Mpaka umeshuka kutoka 1.50 hadi 1. Vitabu vingi huchukulia kwamba kufunga biashara hakuna gharama. Shambani ipo.

Na ile shilingi 6? Usiitupe, ina kazi yake. Hiyo ni bei ya kuamua kama utaendelea na miti hii miaka ijayo. Bei ikiwa kati ya 1 na 6, msimu huu unauza, lakini ikibaki hapo mwaka baada ya mwaka, shamba linakula pesa za nyumba. Ndipo unapofikiria kukata miti kadhaa na kupanda kitu kingine, au kutafuta mnunuzi mwingine. Pale Kalamba kuna kiwanda cha kaunti kinachosindika maembe kuwa rojo, na mnunuzi wa namna hiyo hupima kwa kilo, si kwa embe. Kabla hujalinganisha bei zao, badilisha kipimo. Ikiwa maembe yako matatu yanafika kilo moja, shilingi 15 kwa kilo ni shilingi 5 kwa embe. Kisha toa nauli ya kufika huko. Ikiwa nauli ni zaidi ya shilingi 1 kwa embe, broka wa shilingi 4 pale langoni anakulipa vizuri zaidi, hata kama humpendi.

Zoezi la pili: tili imenona, faida je?

Tuondoke shambani twende Emali, kwenye barabara ya Mombasa. Mwaitu mmoja wa kufikirika anauzia wasafiri maembe. Kwa shilingi 20 anauza maembe 60 kwa siku. Siku moja anashusha bei hadi 15, anauza 100. Jioni anafungua simu: jana tili iliingiza 1,200, leo 1,500. Anafurahi. Je, ashushe bei moja kwa moja?

Mahitaji ya wasafiri hao yanayumba sana bei ikiguswa. Bei imeshuka kwa robo, mauzo yamepanda kwa theluthi mbili. Bidhaa ya namna hii ukishusha bei pato linaongezeka, na ndiyo maana tili imenona. Embe la barabarani si lazima. Msafiri anaweza kununua ndizi au kufika Nairobi bila chochote.

Ila tili haijui bei ya kununulia. Kama kila embe linamfikia kwa shilingi 10, jana alibaki na 600 na leo amebaki na 500. Amefanya kazi zaidi, amepata kidogo. Kama linamfikia kwa shilingi 6, jana ni 840 na leo ni 900. Hapo kushusha kumelipa.

Kuna njia fupi ya kujua bila kurudia hesabu yote. Maembe 40 ya ziada yameongeza shilingi 300 kwenye tili. Gawanya: kila embe la ziada limeleta shilingi 7.50. Halikuleta 15, kwa sababu yale 60 ambayo yangeuzwa kwa 20 nayo sasa yameuzwa kwa 15. Kama embe la ziada linamgharimu chini ya 7.50, ashushe. Kama ni zaidi, arudi kwa 20.

Utauliza, mbona hatujataja tiketi ya kanjo na kodi ya kibanda? Kwa sababu ni ileile akiuza 60 au 100. Inapunguza faida ya siku zote mbili sawasawa, haisaidii kuchagua kati yake.

Kwa zoezi hili unahitaji stetimenti yako ya simu. Omba ya mwezi mmoja, uipitie mstari kwa mstari ukiweka alama mbili tu: gharama inayopanda ukiuza zaidi, na gharama isiyojali umeuza ngapi. Bidhaa, mifuko, bodaboda wa kuleta mzigo na ada inayokatwa kwa kila muamala, kama unakatwa, ni za kwanza. Kodi, kanjo na mlinzi wa usiku ni za pili. Pesa uliyotumia nyumbani, unga au karo, haimo katika makundi hayo yote mawili; iandike kando. Kama biashara na nyumba zinatumia laini moja, kazi hii itakuchosha, na kuchoka huko pengine ndiko kutakufanya ufungue laini ya pili.

Zoezi la tatu: pampu ya Kyuso

Gharama isiyobadilika ina tabia moja inayoumiza, na Kitui imeiona kwenye maji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu za maji huko Kyuso. Pampu ikikaa bila kupigwa, ofisi inaona, fundi anatumwa. Pampu zilizokuwa zikikaa karibu mwezi mzima zikiwa mbovu zikaanza kutengenezwa ndani ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa FundiFix, inayotunza vituo vya maji Kitui na Kwale kwa malipo ya mara kwa mara badala ya kusubiri kiharibike ndipo watu wachangishane.

Tuseme matunzo ya kituo chenu ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kaya 60 zikilipa, kila moja inatoa 100. Mvua inanyesha, kaya 20 zinakinga maji ya paa, zinasema hatulipi mwezi huu. Waliobaki 40 inabidi watoe 150. Kumi kati yao wanaona ni ghali, wanaondoka. 30 waliobaki wanatoa 200. Gharama haikupanda hata senti. Kilichopungua ni mabega ya kuibeba, na kila anayeondoka anamsukuma mwenzake mlangoni.

Jaribu mpango mwingine: kaya zote 60 zilipe shilingi 100 mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Anayelipa Novemba bila kuteka maji anajiwekea pampu inayofanya kazi Septemba. Kama kikundi chenu cha maji kinakusanya kwa simu, mweka hazina asome majina ya waliolipa mbele ya mkutano kutoka kwenye stetimenti. Daftari linaweza kupotea.

Zoezi la nne: ndengu gunia tano

Kitui inajulikana kwa ndengu, na baada ya mavuno bei huanguka kwa sababu kila mtu anauza wakati mmoja. Ushauri wa kawaida ni "weka stoo, subiri bei". Tuupime.

Una gunia 5 za kilo 90, yaani kilo 450. Leo bei ni shilingi 70 kwa kilo: 31,500. Unatarajia 100 baada ya miezi mitatu: 45,000. Faida ya kusubiri inaonekana ni 13,500. Mifuko isiyopitisha hewa, ya kuzuia wadudu bila dawa, 5 kwa shilingi 250, ni 1,250. Lakini una deni la simu la 15,000, na kulisogeza mbele kunakula asilimia 8 kwa mwezi: 1,200 mara tatu, 3,600. Kusubiri kumekugharimu 4,850. Bei ikifika 100, unabaki na 8,650 juu. Vizuri sana. Ikifika 80 tu, umeongeza 4,500 na kutoa 4,850. Umelinda ndengu miezi mitatu ukapoteza shilingi 350. Unahitaji bei ifike karibu 81 ndipo subira yako ianze kulipa, na hakuna anayeweza kukuahidi 81.

Watu wengi hufikiri chaguo ni mbili: uza zote au weka zote. Jaribu kugawa. Uza leo kilo 215, upate 15,050, lipa deni lote. Zinabaki kilo 235, mifuko mitatu, 750. Bei ikifika 80 umeongeza 2,350, ukitoa mifuko unabaki na 1,600. Ikifika 100 umebaki na 6,300. Umepunguza kilele cha 8,650, lakini ile bei ya 80 iliyokuwa hasara sasa ni faida.

La mwisho ulifanye mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Jirani yako ana gunia tano kama zako, soko lilelile, mifuko ileile, ila hana deni. Kwake, bei inahitaji kufika ngapi ndipo kusubiri kulipe?

Jibu: gharama yake ya kusubiri ni mifuko tu, 1,250 kwa kilo 450, karibu shilingi 2.80 kwa kilo. Bei ikipita 73 ameshinda. Wewe uliyeweka zote ukiwa na deni bado unangoja 81.