Je, Wajua? Amri ya ls na Yale Isiyoyaonyesha

Je, wajua kwamba ls, amri inayoorodhesha vilivyomo ndani ya folda kwenye Linux, macOS na jamaa wengine wa Unix, imo katika mwongozo wa kwanza kabisa wa Unix? Mwongozo huo ulitoka Bell Labs, Marekani, ukiwa na tarehe 3 Novemba 1971. Jina lilirithiwa kutoka Multics, mfumo ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie waliufanyia kazi kabla ya kuunda Unix.

Ufupi wa jina ulikuwa na faida yake. Enzi hizo amri ziliandikwa kwenye Teletype Model 33, mashine yenye vitufe vigumu iliyochapa juu ya karatasi kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde. Orodha ya majina 100 yenye herufi nane nane ilikula zaidi ya dakika nzima.

Je, wajua kwamba mafaili yaliyofichwa yalizaliwa kwa bahati mbaya? Kila folda ya Unix hubeba majina mawili ya ziada: nukta moja, yaani folda yenyewe, na nukta mbili, yaani folda iliyo juu yake. Hayakutakiwa kujitokeza kila mtu anapoorodhesha. Badala ya kukagua kama jina ni nukta moja au mbili kamili, programu ikakagua herufi ya kwanza tu: ikiwa ni nukta, ruka. Papo hapo kila faili ambalo jina lake linaanza na nukta likatoweka machoni. Aliyekisimulia kisa hicho mwaka 2012 ni Rob Pike, mkongwe wa Bell Labs, na aliliita jambo hilo kosa. Waandishi wa programu walilipokea kwa mikono miwili, wakaanza kuficha mipangilio yao kwa njia hiyo: .bashrc, .gitconfig, .ssh na nyingine nyingi. Andika ls -a kwenye folda yako ya nyumbani uone msongamano ulioko. Ukitumia ls -A, yale majina mawili ya ziada yataachwa nje na mengine yote yatatokea.

Namuunga mkono Pike, kwa sababu moja kubwa: kuficha si kulinda. Faili liitwalo .siri husomwa na yeyote mwenye ruhusa ya kulisoma, awe ameliona kwenye orodha au la. Kinacholinda ni ruhusa, zile herufi r, w na x unazoziona ukiandika ls -l.

Na ruhusa hizo kwenye folda zina maana yake ya pekee. Herufi r hukuruhusu kusoma majina; x hukuruhusu kupita ndani. Ukiwa na r bila x, ls -l kwenye Linux itakupa majina, lakini ukubwa na tarehe vitakuwa alama za kuuliza tupu. Ukiwa na x bila r, ls itakataa katakata, lakini faili unalolijua jina utalifungua, mradi lenyewe linakuruhusu.

Je, wajua kwamba namba iliyo mbele ya neno total, juu kabisa ya ls -l, si idadi ya mafaili? Ni nafasi yanayochukua kwenye diski, kwa hesabu ya bloku.

Tarehe nazo: ls ya GNU, ile iliyomo kwenye Linux nyingi, huonyesha saa na dakika kwa faili lililobadilishwa ndani ya miezi sita iliyopita. Likizeeka zaidi, saa huondolewa na mwaka ukawekwa. Lakini hata faili lenye tarehe ya kesho hupewa mwaka. Ukiona mwaka huu huu kwenye faili uliloliandika asubuhi, kagua saa ya kompyuta.

Ukitafuta faili lililoguswa mwisho, ls -ltr huliweka chini kabisa, pale macho yalipo. ls -lhS hupanga kwa ukubwa, makubwa yakitangulia.

Je, wajua kwa nini ls huonekana imeganda kwenye folda yenye mafaili laki kadhaa? Husoma majina yote, ikayapanga kwa alfabeti, ndipo ichape. ls -f haipangi chochote, kwa hiyo majina huanza kumiminika mapema.

Ukikosea ukaandika sl, na programu ya jina hilo imewekwa, garimoshi la herufi litapita kwenye skrini. Ni kazi ya Toyoda Masashi wa Japani, na inapendeza.

Je, wajua kwamba ukiandika ls *.jpg, ls haiioni ile nyota? Shell, programu inayopokea amri unazoandika, huigeuza kwanza kuwa majina kamili, kisha huikabidhi ls orodha iliyokwisha kuandaliwa. Picha zikizidi mno, amri hukataliwa kwa sababu orodha ni ndefu, kabla ls haijaanza hata kazi. Ndiyo maana pia, kwenye mashine ambayo ls imefutwa au imeharibika, echo * bado hukupa majina: nyota ni kazi ya shell, na kwenye shell iitwayo Bash, amri ya echo imo ndani ya shell yenyewe.