Kochi Nalo Huigiza

Wanaomkumbuka Papa Shirandula huanza na suti. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza bawabu aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake: nyumbani alijulikana kama mtu wa ofisini mwenye suti, langoni alikuwa mlinzi mwenye sare. Kichekesho cha Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV, kilisimama juu ya sehemu mbili, sebule na lango, na zote zilipaswa kuaminika. Sebule ikipendeza mno, mtazamaji atajiuliza mshahara wa bawabu umeinunuaje. Ikichakaa mno, Wilbroda ataonekana mjinga kwa kuuamini uongo wa mumewe. Mizani hiyo hushikwa na mpambaji wa seti, ambaye jina lake hupita mwishoni mwa kipindi watu wakiwa wameshainuka kwenda kulala.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chumba cha studioni kwa kawaida huwa na kuta tatu za plaiwudi; upande wa nne huachwa wazi kwa ajili ya kamera. Rangi inayong'aa huepukwa, isije ikarudisha mwanga kwenye lenzi. Kitambaa cheupe pe huchovywa kwenye chai ya rangi ili weupe wake upungue. Meza mpya hupigwa msasa pembeni, pale ambapo viwiko vingepita kwa miaka mingi. Kisha kila kitu hupigwa picha, maana mazungumzo ya dakika mbili huweza kurekodiwa siku tofauti, na kikombe kikihama kutoka kushoto kwenda kulia watazamaji watakiona.

Si kila mchezo unaohitaji vitu vingi. Vioja Mahakamani ya KBC imechekesha vizazi kwa kiti cha hakimu, kizimba na mabenchi. Seti hiyo inatosha kwa sababu heshima ya mahakama ndiyo inayoubeba mzaha: mshtakiwa anaropoka mahali ambapo kila mtu amefundishwa kunyamaza.

Sebule ni ngumu zaidi. Mwaka 1971, runinga ya CBS ya Marekani ilipoanza kuonyesha kichekesho cha All in the Family, kiti cha mzee Archie Bunker kilikuwa kiti kuukuu kilichonunuliwa mtumbani kwa dola chache. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na ukali wote wa mzee ulijulikana kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1978 kiti hicho kiliingia katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, Washington.

Je, runinga ya Kenya ingepamba vipi nyumba ya Ekalakala?

Wadi hii ni mojawapo kati ya tano za eneo bunge la Masinga, upande mkavu wa Kaunti ya Machakos. Kwenye skrini, nyumba ya mashambani mara nyingi hupewa ukuta wa udongo, kibuyu na moshi, ilhali tajiri wa Nairobi hupewa jumba la kukodi na kochi jeupe ambalo halijawahi kukaliwa na mtoto. Nyumba za sehemu kama Ekalakala zina mengi zaidi: matofali na mabati, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, picha za harusi na mahafali zilizotundikwa juu karibu na dari, kalenda ya duka la pembejeo, sola paani, kinu cha kutwangia mahindi ya muthokoi nyuma ya jikoni. Na mitungi ya manjano mlangoni. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana lilikamilika mwaka 1981 katika eneo hilihili, lakini familia nyingi bado huwabebesha punda maji. Mpambaji akiipanga mitungi hiyo mitupu kando ya makochi nadhifu, mwandishi wa mchezo hahitaji mstari hata mmoja wa kuelezea ukame, na ugomvi wa nani ameoga kwa maji ya nani umeshapata jukwaa.

Dalili nzuri zipo. Tamthilia ya Kenya ya Country Queen, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix Julai 2022, ilikipeleka kijiji cha kubuni cha Tsilanga mbele ya dunia. Si kichekesho, ila ilionyesha kwamba hadithi inaweza kuwa na mguu mmoja mjini na mwingine kijijini.

Mafundi nao hawako mbali. Wamunyu, katika kaunti hiihii, imechonga mbao tangu Mutisya Munge alipouanzisha ufundi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mikono inayochonga twiga wa kuuzia watalii inaweza kutengeneza kigoda ambacho babu wa kwenye mchezo atakikatalia wajukuu.

Basi waandaaji wa vipindi wasikibuni kijiji wakiwa Nairobi. Waje Ekalakala, waombe ruhusa ya kupiga picha sebule za watu, walinunue kochi kuukuu kwa bei ya haki, na jina la fundi wa hapa waliingize katika orodha ya malipo.