Kununua Vyakula Ng'ambo ya Mto Songwe

Wengi wetu hudhani kwamba kwenda kununua vyakula nchi ya kigeni ni jambo la matajiri wapandao ndege. Sivyo. Ukishuka kutoka Tukuyu kwa barabara ya Kyela utafika Kasumulu, penye daraja la Mto Songwe, ambao ni mpaka wetu na Malawi. Watu wa Karonga huvuka hapo kuja kununua mchele na ndizi. Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni karibu lugha moja, hata mkalimani hahitajiwi.

Likizo ya Desemba 2023, nilipokuwa Kidato cha Pili, nilifuatana na mama kupeleka mikungu kumi ya ndizi. Mteja wake wa siku zote, mama mmoja wa Karonga, alikuja na kwacha zile zile alizozoea kuleta. Alipokwisha kuzibadili kwa shilingi, zilitosha mikungu saba tu. Akasema, "Dada, fedha yangu ni ile ile, ila imekonda." Mama hakuwa na la kujibu. Mikungu mitatu tuliiuza jioni kwa bei ya hasara, na sare yangu mpya ikangoja.

Nimeona vema nieleze sababu yake. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Kabla ya hapo dola moja ya Marekani ilikuwa karibu kwacha 1,180. Baadaye ikawa 1,700. Basi bidhaa ya dola 10, iliyokuwa kwacha 11,800, sasa ilitaka kwacha 17,000. Mwenye kwacha 11,800 alipata kama sehemu saba tu katika kumi. Wabadilisha fedha wa mpakani wana viwango vyao, lakini hesabu hufuata njia hiyo hiyo. Kwetu ndizi hazikupanda bei; fedha ya mnunuzi ndiyo iliyoshuka.

Tena, Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya vyakula kutoka nje, ndizi na mchele vikiwamo. Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi, na zuio hilo likaondolewa baada ya siku chache.

Basi wenzangu, tusiseme kwamba shida ya jirani haituhusu. Hesabu ya uwiano tunayofundishwa darasani ipo pale Kasumulu. Anayeijua awasaidie wazazi wake kukadiria ni mikungu mingapi ya kupeleka, kabla hawajalipa nauli.