Vazi Lisilofaa Hafla: Mtahiniwa Alielezeje?

Aghalabu mtahiniwa anapotakiwa kumweleza mhusika aliyevaa au kutenda kinyume na hafla, huandika: "Hana adabu." Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi humwonea mhusika. Kutofaa hakumo katika nguo yenyewe. Kumo katika uhusiano wa nguo, hafla na watazamaji.

Hebu tuchukue mfano wa miviga. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma, tohara ya kimila hufanywa mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawika kwa mbili. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huzunguka akiwaalika jamaa, akigonganisha njuga za chuma ziitwazo chinyimba, huku wenzake wakiimba. Alfajiri ya siku ya kisu hupakwa tope mtoni, kisha hurejea uani kwa babake akiwa uchi, akasimama kidete. Uchi na tope hilo si aibu. Ndiyo maleba ya hafla. Kinachoikiuka hafla hiyo ni kutikisika au kulia. Sasa mchukue mvulana huyo alivyo, umsimamishe katika ofisi mjini Kitale. Mwili ni ule ule, tope ni lile lile, lakini maana imegeuka.

Kwa hivyo, mwanafunzi, tofautisha istilahi hizi:

(a) Kukosa stara: mwili haukusitiriwa inavyotarajiwa.
(b) Utovu wa adabu: mhusika anaijua mipaka na anaivuka kusudi.
(c) Kutolingana na hafla: vazi au tendo si la mahali pale, hata kama hapana nia mbaya.
(d) Kituko: tendo linalowashangaza au kuwachekesha watazamaji.

Mgeni akiingia matangani na gauni la kumetameta lililomfunika hadi kisiginoni, stara anayo, ila vazi halilingani na msiba. Ikiwa habari ya kifo ilimkuta arusini akaja mbio, huwezi kumwita mtovu wa adabu.

Unapojibu, taja vazi au tendo, taja hafla, taja anayeona halifai, kisha ueleze mwandishi amekusudia nini. Kwa mfano: "Waombolezaji wanamwona mhusika kuwa hajali msiba kwa sababu ya gauni lake la arusi, ilhali msomaji anajua kwamba ameiacha arusi ili aje kuwafariji. Hiki ni kinaya." Jibu kama hili lina hoja, thibitisho na haki kwa mhusika.